Bonde la Uvuli wa Mauti: Maana ya Istiara Moja ya Zaburi katika Kiswahili

Katika mifano yote ya Zaburi, ni michache iliyozoeleka katika vinywa vya Wakristo wasemao Kiswahili kama ule wa bonde la uvuli wa mauti, ulio katika Zaburi ya 23, aya ya nne. Husomwa kando ya vitanda vya wagonjwa, na mara nyingi zaidi husomwa makaburini. Hata imekuwa kwamba wengi wausikiapo hudhani ya kuwa bonde hilo ni kaburi lenyewe, na apitaye humo ni marehemu. Dhana hii haikuzuka bure, kwani ina sababu katika maneno yenyewe ya tafsiri, walakini haikukamilika. Ikiwa mfano huu ni wa wafu peke yao, basi walio hai wamenyang'anywa neno walilotungiwa. Yafaa kila neno lipimwe, kwanza katika Kiebrania na kisha katika Kiswahili, ili ijulikane uzito wa mfano umekaa wapi.

Maneno mawili ya Kiswahili, uvuli na mauti, yamesimama mahali pa neno moja la Kiebrania, nalo ni tsalmaweth. Neno hili limo mara 18 katika Agano la Kale, na mara 10 kati ya hizo zimo katika Kitabu cha Ayubu. Wafasiri wa Kiyunani, ambao kazi yao ilianza Alexandria katika karne ya 3 kabla ya Kristo, waliligawa mafungu mawili: tsel, yaani kivuli, na maweth, yaani mauti. Kilatini cha kanisa kikafuata njia hiyo, na lugha nyingi za Ulaya baada yake. Lakini wataalamu wengi wa lugha za Kisemiti wameona kwamba neno hilo halikuunganishwa hivyo, bali limetoka katika mzizi wenye maana ya weusi na giza, mzizi uonekanao pia katika Kiakadi, katika lugha ya kale ya Uhabeshi na katika Kiarabu. Kwa shauri lao, maana yake ni giza zito tu, wala kifo hakikutajwa. Mwaka 1962 D. Winton Thomas aliutetea mgawanyo wa zamani, lakini kwa namna mpya: mauti yamo katika neno, ila kazi yake ni kukuza, yaani kivuli kizito kupita kiasi. Jambo hili si geni kwa Kiswahili, ambacho husema kwamba fulani ampenda mwenzake kufa, na hakuna aendaye kuchimba kaburi.

Kiswahili kina jamaa wa kila upande katika shauri hili. Neno mauti limetoka katika Kiarabu, nalo ni ndugu wa maweth ya Kiebrania. Neno dhuluma nalo limetoka katika Kiarabu, katika mzizi wenye herufi zile zile ambazo kwa Kiarabu hutaja pia giza. Na huo ndio mzizi ambao wataalamu wa upande wa pili hulinganisha na tsalmaweth. Kwa hiyo mfasiri wa Kiswahili aliyeandika mauti, asiandike kifo, alikaribia sauti ya asili kuliko awezavyo mfasiri wa lugha nyingi za Ulaya. Lakini ukaribu wa sauti si ukaribu wa maana, na maana huamuliwa na matumizi.

Matumizi ni mapana. Katika Ayubu 28 neno hilo lataja giza la chini ya ardhi, aingiamo mtu atafutaye madini. Katika Yeremia 2 lataja jangwa ambalo watu walivushwa. Katika Amosi 5 lataja usiku ambao Muumba huugeuza kuwa asubuhi. Katika Zaburi ya 107 lataja hali ya wafungwa waliofungwa minyororo. Ni kweli kwamba katika Ayubu 38 limewekwa sambamba na malango ya mauti, wala haifai kulificha hilo. Lakini mchimba madini hutoka shimoni, jangwa huvukwa, usiku hucha, na mfungwa hufunguliwa. Mara nyingi, basi, neno hili lataja mahali ambapo mtu aliye hai yumo, na ambapo aweza kutoka.

Neno la bonde nalo lahitaji kuangaliwa. Kiebrania kina majina kadhaa ya mabonde. Lililotumika hapa ni gay, nalo hutaja bonde jembamba lenye kingo za kusimama, si uwanda mpana. Katika nchi ya Yuda mahali pa namna hiyo hapakosekani. Njia itokayo Yerusalemu kwenda Yeriko huanza kiasi cha mita 750 juu ya usawa wa bahari na kuishia kiasi cha mita 250 chini yake, na kando yake limo korongo la Wadi Qelt, ambalo jua halikai kwa saa nyingi. Mchungaji ahamishaye kundi kutoka malisho haya kwenda yale hana budi kuvuka makorongo ya jinsi hiyo, na mnyama mkali au mnyang'anyi aweza kumvizia katika kila kona. Hofu ya mfano imo tayari katika mahali penyewe, kabla kifo hakijatajwa.

Katika Kiswahili mambo yamegeuka. Bonde ni jina la neema. Bonde ndimo maji yapitamo na udongo mweusi ukaamo. Mtu akitaja bonde la Rufiji, msikiaji huona mpunga, na nchi ya Bonde nyuma ya Tanga imewapa Wabondei jina lao. Uvuli nao ni jina la raha. Katika nchi za jua kali uvuli ndipo wazee wakaapo, ndipo msafiri atuapo mzigo. Methali ya kale yasema kwamba kivuli cha mvumo huwafunika walio mbali, na lawama yake ni kwamba jamaa wa karibu hawaupati uvuli huo, si kwamba uvuli ni mbaya. Biblia ya Union Version ya mwaka 1952, yenye maneno haya ya bonde na uvuli wa mauti, yalitumia neno uvuli tena katika Zaburi ya 91 na ya 121, na humo uvuli ni ulinzi wa Mungu mwenyewe.

Hapa ndipo asili ya dhana ile ya makaburini. Katika Kiebrania hofu imegawanywa: sehemu iko katika wembamba wa korongo, na sehemu katika unene wa giza. Katika Kiswahili bonde halitishi na uvuli hautishi. Hofu yote imebebeshwa neno la tatu, mauti. Msikiaji hushika neno lililo zito, huyaacha yaliyo mepesi, na mfano wa safari hugeuka kuwa mfano wa maziko.

Biblia Habari Njema, iliyotoka katika miaka ya 1990, imeliacha neno mauti na kuandika giza kuu. Kwa upande wa maana hatua hiyo ina hoja nzuri, kwa kuwa imewarudishia walio hai fungu lao. Walakini imepoteza kitu. Giza kuu laweza kuwa usiku wowote usio na mwezi. Halina ule ubaridi wa kifo kilicho karibu ambao, kwa shauri la Winton Thomas, umo katika neno lenyewe. Mtu aliye katika dhiki kubwa haoni giza tu. Huona kwamba mwisho wake umekaribia, ingawa haujafika.

Tafsiri ya zamani ina fadhila nyingine isiyotajwa sana, nayo ni kitenzi chake. Kiebrania husema kwenda tu. Kiswahili kimechagua kupita, na apitaye hakai. Kitenzi hicho kimetiwa -japo-, ambayo hukiri kwamba jambo laweza kutokea kweli, na papo hapo hukataa lisiwe hoja ya kuogopa. Hapo hapo mtunzi, ambaye tangu mwanzo wa zaburi alikuwa akimsema Mchungaji kama mtu wa tatu, aanza kumwita kwa nafsi ya pili. Gongo na fimbo vinavyofuata ni zana za njiani: moja ya kumpiga adui, nyingine ya kuegemea na kuongoza. Hakuna mchungaji achukuaye zana hizo kwa ajili ya kundi lililokwisha kufa.

John Bunyan aliufahamu mfano huu vizuri katika The Pilgrim's Progress, kitabu kilichotolewa mwaka 1678 na kufasiriwa baadaye kwa Kiswahili. Msafiri wake hulivuka bonde hilo angali mbali na mwisho wa safari. Kifo chenyewe ni mto, nao uko mbele kabisa, karibu na mji aendao. Bunyan, aliyekuwa amefungwa gerezani tangu 1660 hata 1672, hakuchanganya bonde na mto.

Hapana haja, basi, ya kuyafuta maneno ya 1952, ambayo yamekwisha kukaa katika masikio ya watu na yana kitenzi chema kuliko cha asili. Kinachotakiwa ni kuyafafanua: kwamba bonde hili ni korongo, si shamba, kwamba uvuli huu ni giza, si pumziko, na kwamba mauti yametajwa kuwa kipimo cha giza hilo, si kuwa mwisho wa njia. Msomaji wa zaburi kando ya kaburi hakosei, maana waliosimama hapo na kulia wamo bondeni kweli. Hukosea akidhani kwamba anamsomea aliyelala.