Kabla Mpira Haujaporwa

Msimu wa 2024/25 kijana wa Australia, Dyson Daniels, alipora mipira 229 katika mechi 76 akiwa na Atlanta Hawks. Huo ni wastani wa mitatu kwa mechi, kiwango ambacho NBA haikukiona tangu Alvin Robertson alipokifikia msimu wa 1990/91. Sifa zikamiminika kwa mikono yake, na alizistahili. Mimi nikimtazama, macho yangu yako miguuni.

Gadi wa zamani aliweza kumwekea mshambuliaji kiganja kiunoni na kumwongoza anakotaka yeye. Gary Payton alikulia enzi hizo, na mwaka 1996 akatajwa mlinzi bora wa ligi. Msimu wa 2004/05 waamuzi wakaambiwa wakaze kamba: ukimshikashika anayedunda mpira, filimbi inalia. (Mashabiki wa zama za Payton hawajaacha kulalamika hadi leo.) Kazi ya kiganja ikahamia kwenye nyonga na nyayo, na ilipita miaka 26 kabla gadi mwingine, Marcus Smart, hajaitwaa tuzo ile.

Mtazame Daniels anapowekewa kizuizi. Jitu la mita 2.10 linakuja kusimama ubavuni mwake, na mwenye mpira anapita akilisugua bega jitu hilo. Gadi mchanga wa kawaida hujigonga kifuani mwa jitu hilo, akasimama, akamgeukia refa kwa macho ya kuomba faulo. Daniels hukaa upande kabla hajaguswa, akautanguliza mguu mbele ya mguu wa yule mkubwa, bega likafuata, mwili mzima ukapenya. Anapotokeza amebaki nyuma nusu hatua. Wengi humhesabu hapo kuwa amepitwa, ilhali anafuata kwa nyuma makusudi, mkono mrefu ukiwa tayari juu ya bega la mwenzake. Mshambuliaji anazisikia pumzi zake na hajui atupe au atoe pasi. Mipira mingi anayoipora huanzia hapo. Mengine hayaandikwi popote: pasi imechelewa, sekunde zimekwenda, mtupo umeishia kwa mtu ambaye hakupangiwa kutupa.

Ndiyo maana siwaamini wanaompima gadi kwa pointi alizofungwa. Siku hizi mshambuliaji mjanja akikutana na mlinzi mkali hahangaiki naye. Humwita mwenzake anayelindwa na mtu dhaifu aje kuweka kizuizi, walinzi wabadilishane, kisha anamshambulia yule dhaifu. Trae Young, aliyecheza pembeni ya Daniels, aliwindwa hivyo mara kwa mara. Daniels akaingia kikosi cha kwanza cha walinzi bora mwaka 2025, na bado Hawks hawakuwamo katika kumi bora kwa ulinzi. Kwangu hayo mawili hayagongani.

Kinachonitia mashaka kwa vijana ni tamaa. Mkono ukinyooshwa ukakosa mpira, wanne wanabaki kulinda dhidi ya watano, na takwimu ya uporaji haina safu ya makosa hayo. Kwa hiyo nikitaka kumjua gadi mchanga, naruka robo ya kwanza ambapo kila mtu ana mapafu. Naenda dakika tatu za mwisho wa robo ya nne, vizuizi vimeshamgonga usiku kucha, nione kama mguu ule bado unatangulia.