Msomaji wa Vivuli

Picha ya Mwezi iliyopigwa jua likiwa utosini hung'aa vizuri, lakini humficha mwanajiolojia mambo mengi: vivuli vimekwisha, kilima na shimo havitofautiani. Jua likiinama, hata kichuguu hurusha kivuli kirefu. Ukijua pembe ya jua na ukakipima kivuli hicho, umepata kimo cha kitu ambacho hakuna mguu uliowahi kukikanyaga.

Ni kazi hii ya macho iliyomjengea jina Farouk El-Baz. Alizaliwa Zagazig, Misri, mwaka 1938, akasomea jiolojia Chuo Kikuu cha Ain Shams, kisha akapata shahada ya uzamivu Missouri, Marekani, mwaka 1964. Aliporudi nyumbani akitarajia kufundisha habari za miamba, alipangiwa kufundisha kemia. Akaondoka tena. Kuanzia 1967 alikuwa miongoni mwa waliotafuta mahali pa kuteremkia vyombo vya Apollo, akipitia maelfu ya picha zilizopigwa na vyombo vya Lunar Orbiter moja baada ya nyingine, akiorodhesha kila kasoko na kila ufa.

Ninachokistaajabia zaidi ni alivyowafunza wanaanga. Wengi wao walikuwa marubani, mabingwa wa kusoma mishale ya vipimo, si mawe. Aliwazoeza kutaja wanachokiona: rangi, umbo, na kipi kimelalia kipi, maana ardhi ni kama vyombo vilivyorundikwa kwenye beseni, cha juu ndicho kilichowekwa mwisho. Wakampachika jina la Mfalme, kwa utani wa Mfalme Farouk wa Misri.

Mwaka 1971 Al Worden wa Apollo 15, akiuzunguka Mwezi peke yake wenzake wakiwa chini, aliripoti vijilima vyeusi karibu na kasoko ya Littrow, mfano wa vile vinavyojengwa na majivu ya volkeno. Taarifa hiyo ilichangia Apollo 17 kupelekwa bonde la Taurus-Littrow, Desemba 1972. Kufika huko, kasoko nyeusi iitwayo Shorty, iliyodhaniwa kuwa mdomo wa volkeno, ikabainika kuwa ilichimbwa na kimondo. Shimo lenyewe halikuwa la volkeno. Lakini ukingoni palikuwa na udongo wa rangi ya chungwa: chembe za kioo zilizorushwa na volkeno zaidi ya miaka bilioni 3 iliyopita! Jicho lilikosea shimo, likapatia mtaa.

Baadaye, alipoligeukia jangwa la Misri, El-Baz alikuwa na anasa ambayo Mwezi haukumpa: aliweza kuiweka picha chini na kwenda kuikanyaga. Novemba 1981 rada iliyobebwa na chombo cha anga Columbia ilipita juu ya kusini-magharibi mwa Misri. Mawimbi yake yalipenya mchanga mkavu, na chini yake yakaonekana mabonde ya mito iliyokufa. Wanasayansi kadhaa waliyachambua mabonde hayo. Yeye, aliyekwisha kulizunguka jangwa hilo kwa gari, aliuliza swali la mkulima: maji yake yalikwenda wapi? Alishikilia kwamba yalizama mwambani, na kwamba palipojaa mchanga leo ndipo yalipokusanyika zamani.

Visima vikachimbwa Uweinat Mashariki, katika jangwa hilo hilo. Ni maji ya kale, mvua ya siku hizi haiyarudishi. Mimi ningeyatumia kwa ubahili. Kwa sasa yanamwagilia ngano, na mashamba yenyewe, duara baada ya duara katikati ya mchanga mtupu, yanaonekana waziwazi kutoka angani.