Nane Ingetosha

Nane ingetosha. Mliokuwa nasi Ndanai mliiona amri yenyewe kwenye kioo: mysql_refresh, na ndani yake 255.

Mtandao ulikuwa umekatakata simu za makarani pale kwenye mizani ya mazao. Seva ya MySQL ikahesabu majaribio 100 mfululizo yaliyokatika njiani, ikaifungia anwani yao. Dawa ilikuwa REFRESH_HOSTS, yaani 8. Fundi akajumlisha bendera zote nane za amri hiyo, eti asafishe kila kitu kwa mkupuo.

Tazameni alichojumlisha. 1 husoma upya majedwali ya ruhusa, 4 hufunga majedwali yaliyo wazi, 16 hurudisha vihesabio kwenye sifuri. Huko ni kufagia ua. 128 ni REFRESH_MASTER: hufuta logi za binari zote na kuanza faharasa upya. Huko ni kuchoma ghala. Ilikuwa Jumatano jioni. Alhamisi diski ya data ikafa. Logi zilikaa diski ya pili, nzima, lakini za tangu Jumatatu hazikuwepo tena. Kilo zilizopimwa siku tatu zimekwenda, na kilo ikipotea, bonasi yake imepotea.

Nakala rudufu ya Jumapili usiku ilirejeshwa bila kasoro; kilichokosekana ni logi za kuiendeleza kutoka hapo.

Wa kwanza kulaumiwa ni aliyeipa akaunti ya programu ruhusa ya RELOAD, ndiyo iliyoifungulia njia amri ile. Nimelipigia kelele hili miaka mingi. Nao waliobuni MySQL wana deni: waliweka kufuta historia katika baiti moja na kupangusa vihesabio. Hadi toleo la 8.2 ndipo amri ya RESET MASTER ilipopata jina linalokiri inachofanya: RESET BINARY LOGS AND GTIDS. Mwaka 1978 Jim Gray wa IBM alikwisha kuandika kanuni: logi itangulie data. Mtu wa shule ile asingeigusa logi ili afungue mlango.

Tulizirudisha kilo kutoka vikaratasi vya mizani ambavyo akina mama walivifunga kwenye pindo za leso. Si wote waliokuwa navyo.

Anwani ikifungwa tena, andikeni TRUNCATE TABLE performance_schema.host_cache, mkomee hapo. RELOAD ivuliwe leo, kabla ya mizani ya kesho.