Kentucky Imejaa Mazombi, na Mkulima wa Gusii Ndiye Atakayepona

Project Zomboid ni mchezo wa kompyuta unaokutangazia mwanzoni kabisa, kabla hata hujaanza kucheza, kwamba hii ni hadithi ya jinsi ulivyokufa. Kushinda hakuna. Utaishi kadiri utakavyoweza, kisha utakufa, na utatamani kuanza upya papo hapo. Sasa kuna toleo la 42, ambalo waundaji wake, The Indie Stone, walianza kulitoa kwa majaribio Desemba 2024, na jamani, wameweka ng'ombe! Wameweka kuku wanaotaga, kondoo, nguruwe, sungura! Sijapata mchezo ulionishika hivi, na ninaamini kwa dhati kwamba kijana aliyelelewa Nyamaiya au Ogembo, huku Gusii nchini Kenya, anaingia humo akiwa na nusu ya mbinu tayari mkononi.

Ni Julai 9, 1993, saa tatu asubuhi, katika eneo la kubuni la Knox, jimbo la Kentucky, Marekani. Uko ndani ya nyumba. Stima ipo, bomba linatoa maji, televisheni inaongea. Kwa mipangilio ya kawaida, umeme na maji vitakatika wakati wowote ndani ya mwezi wa kwanza, bila taarifa. Wageni wengi hutoka mbio kutafuta bunduki. Wewe jaza maji. Sufuria, chupa, ndoo, kila kinachoshika maji kijazwe siku ya kwanza, kama mama yeyote wa Keroka anavyofanya akisikia radi. Halafu vyombo vingine viweke nje. Katika toleo hili ndoo iliyoachwa uani hukinga mvua yenyewe, na sisi tuliozoea mvua ya alasiri karibu mwaka mzima hatuhitaji kufundishwa thamani ya hilo. Sharti ni moja: maji ya mvua humo si salama. Yachemshe kwanza.

Ukishajaza maji, kaa kitako utazame televisheni. Sikutanii! Katika siku za mwanzo, idhaa ya Life and Living hurusha vipindi vya useremala, mapishi na mambo ya shambani, na mhusika wako anavitazama na kupata ujuzi kwelikweli. Asiyejua kupigilia msumari Jumatatu anaweza kuziba madirisha kwa mbao wiki hiyohiyo. Ni zawadi ya bure ambayo wachezaji wapya huiacha ipite wakiwa barabarani wakiliwa.

Sasa kutoka nje. Bonyeza C ili utembee umeinama. Izunguke nyumba ya jirani kwanza, chungulia kila dirisha, sikiliza. Jaribu mlango wa nyuma, kisha madirisha moja baada ya jingine, maana mara nyingi kuna lililosahauliwa bila kufungwa. Dirisha likibidi kuvunjwa, ondoa vipande vya kioo kwenye fremu kabla ya kupanda, la sivyo utaingia na damu ikichuruzika. Na ukivunja, usiruke ndani mara moja. Rudi nyuma hatua chache, ngoja. Kama kuna zombi ndani, atakuja mwenyewe dirishani, nawe utamkuta ukiwa umesimama vizuri uwanjani, badala ya yeye kukukuta jikoni umeinamia friji. Baadhi ya nyumba zina king'ora. Kikilia, usichukue hata kijiko, ondoka, kwa sababu mtaa mzima unakuja. Kelele ndiyo inayoua humo kuliko kitu kingine chochote. Bunduki, gari, king'ora, vyote vinawaita mazombi. Kuna hata helikopta, kwa kawaida kati ya siku ya sita na ya tisa, inayozunguka juu ya kichwa chako na kukuletea umati kutoka pande zote. Siku hiyo funga mapazia, kaa ndani, kula ulichohifadhi.

Mkikutana ana kwa ana, pigana na mmoja, au wawili, ukirudi nyuma polepole. Msukume, akianguka mkanyage. Toleo la 42 limeongeza maumivu ya misuli, kwa hiyo ukipiga kwa shoka bila kupumzika mikono inalegea na mapigo yanapoteza nguvu, na hapo ndipo watu wengi hufa, wamechoka katikati ya ushindi. Vaa koti la ngozi na suruali ndefu hata jua likiwaka. Mkwaruzo una uwezekano wa asilimia 7 wa kukuambukiza, jeraha la kuchanika asilimia 25. Ukiumwa kwa meno ni asilimia 100 na hakuna dawa.

Uanzie wapi? Hapa ndipo mchezo ulinifanya nifikirie nyumbani kwa namna mpya kabisa. Mazombi wamejaa palipokuwa na watu wengi. Louisville, jiji kubwa la ramani, ni kaburi la mgeni, West Point ni kugumu, Muldraugh imekaa kando ya barabara kuu na imejaa. Anzia Rosewood, mji mdogo wenye kituo cha zimamoto, au Echo Creek kati ya mashamba, na uchague kazi ya zimamoto au useremala. Halafu peleka kanuni hiyo huku kwetu: sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, na kaunti ya Kisii ina zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita mraba. Migongo yote ya vilima ina maboma kutoka juu hadi mtoni. Daraja Mbili siku ya soko ingekuwa Louisville yetu! Ningekwenda wapi? Nadhani ningepanda ukingo wa Manga, ambako unaona anayekuja kabla hajafika, na ningepita migombani badala ya barabara ya lami. Nimelijadili hili na kila rafiki anayekubali kunisikiliza, na hatujakubaliana.

Lakini kuna mahali mazoea ya Gusii yatakuponza, napo ni kwenye msimu. Huku tunapanda, tunavuna, tunapanda tena. Kentucky ina baridi kali na theluji, na mimea ya toleo hili ina miezi yake. Ukianza Julai una muda mfupi. Kabichi, viazi, karoti, vitie ardhini mapema na uhifadhi mavuno kabla majani hayajaanza kudondoka. Msitu unaokulisha Agosti hauna kitu Januari.

Ndiyo sababu mifugo imenisisimua hivi. Kuku unawabeba mkononi. Wanahitaji banda, banda linachafuka na kusafishwa, na mlango hufungwa jioni. Ng'ombe unamwongoza kwa kamba, na kwanza anakuogopa. Unamkaribia polepole, unampapasa, unarudi kesho unampapasa tena, mpaka anatulia. Aliyezaa anakamuliwa kwenye ndoo. Nilipoona maziwa yale yakiingia, nje kukiwa na mazombi wanaokokota miguu nyuma ya ua, nilipiga kelele chumbani. Mchezo wa mazombi unaokutaka uamke umkamue ng'ombe! Nani mwingine amewahi kuthubutu?

Kompyuta yenye RAM ya GB 8 na nafasi ya GB 5 inatosha kuanzia, kwa hiyo laptopu nyingi za wanafunzi zitaubeba, hasa toleo la 41, lililo imara zaidi. La 42 bado lina hitilafu hapa na pale. Mimi nalichagua hilohilo, kwa ajili ya ng'ombe.

Na kuna ombi langu kwa wanaosoma kompyuta pale Chuo Kikuu cha Kisii. The Indie Stone wametoa zana za kuchora ramani, TileZed na WorldEd, na wachezaji duniani kote wanajenga miji yao na kuiweka kwenye Steam. Tuchoreeni Gusii. Nataka viwanda vya majani chai, nyumba za mabati, migomba, Mto Gucha, na Keroka pale mpakani mwa kaunti mbili. Anzeni na Manga, nitakuwa wa kwanza kuipakua.