Pwani Isiyojua Bamvua

Mshairi wa mwambao atungapo juu ya safari ya bara, aghalabu hurudi na maneno yale yale aliyoondoka nayo. Si kwamba amekosa wa kumfuata. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli huko Göttingen, na mle mna mwendo wa Mtoro bin Mwinyi Bakari kupita Udoe hata Uzigua, na wa Selim bin Abakari, Mngazija aliyefika Urusi na Siberia mwaka 1896. Lugha yao ni kavu mahali pengi. Hata hivyo Mtoro husimama kijijini akaeleza watu wanavyoishi, na msomaji hutoka na kitu asichokuwa nacho.

Kinyume chake ni Tippu Tip. Kwa usimulizi hana mpinzani, ila vijiji vyake hupimwa kwa frasila za pembe. Wala udogo wa muda hauwi udhuru: Ibn Battuta, aliyetoka Tanja mwaka 1325 akaandama miji ya mwambao wa Mediterania, alilala Mombasa usiku mmoja tu mwaka 1331, na bado aliona kisima mlangoni pa msikiti na watu wakiosha miguu kabla ya kuingia.

Kipimo kizuri cha jambo hili ni njia ya Ufipa. Kutoka Sumbawanga, juu ya uwanda wa mita 1,800 hivi, barabara hupita Matai ikateremka zaidi ya mita elfu moja hadi Kasanga, iliyoitwa Bismarckburg zama za Wajerumani. Kaskazini yake, kando ya Ziwa Tanganyika, mna Wampembe, Kipili na Kirando. Mshairi akifika huko huliona ziwa, akaliita bahari, akaandika "pwani". Neno pwani limezaliwa na kupwa. Maji ya ziwa lile hupanda na kushuka kwa misimu, lakini hayana bamvua wala maji mafu. Penye kutia mitumbwi wenyewe huita mwalo.

Mwezi nao hubadili kazi. Kwetu huvuta maji; kule humzuia mvuvi, kwa kuwa dagaa huvuliwa kwa taa, na taa hushinda usiku wa giza. Mwezi mpevu, ambao katika mashairi ya mwambao ni uso wa mpenzi, kwa mvuvi wa Kirando ni usiku wa kukaa nyumbani. Hapo palikuwa na shairi zima, nalo limepitwa kwa sababu mtunzi alikuja na mwezi wake mfukoni.

Tena kuna msomaji wa Kasense, kata ya Manispaa ya Sumbawanga, asiyeishi ziwani wala baharini. Yeye katika tungo hizi ni wa kupitwa dirishani: "milima", "ukungu", basi. Ufipa una ntumba, matuta ya mviringo ambamo majani hufukiwa chini ya udongo yaoze, yakapandwa maharage, kisha msimu unaofuata yakasambazwa na kupandwa ulezi. Una malungu, tanuri za udongo zilizopita kimo cha mtu, zilizoyeyusha chuma kwa upepo ulioingia matundu ya chini pasipo mivukuto. Mivukuto ilingoja tanuri ndogo ya pili. Jina lenyewe la Sumbawanga hufasiriwa kuwa ni kutupa uchawi. Mtu wa Kasense akilisoma shairi lisilo na hata moja ya haya, ana haki ya kuuliza Kiswahili hiki ni cha nani.

Husemwa kwamba maneno hayo yatahitaji maelezo chini ya ukurasa. Na yahitaji! Liemba, jina la ncha ya kusini ya ziwa, lilipewa meli ya Wajerumani iliyozamishwa mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Abiria walilizoea bila tanbihi yoyote.

Udhuru wa vina na mizani ndio dhaifu kuliko zote. Mgebuka, samaki wa ziwa lile, ana mizani nne, sawasawa na kolekole. Kuhe ana mbili kama changu. Katika kipande cha utenzi chenye mizani nane, mgebuka wawili huenea bila kukunjwa mkia.