Nyumba ya magurudumu inapofika jeti ya Mokowe

Oktoba 2014 Mjerumani Gunther Holtorf alilisimamisha gari lake mbele ya Lango la Brandenburg, Berlin. Lilikuwa limetembea karibu kilomita 900,000 tangu safari ilipoanza mwaka 1989, barani Afrika. Sehemu kubwa ya njia hiyo aliipita na mkewe Christine, aliyefariki mwaka 2010, na miaka yote hiyo nyumba yao ilikuwa gari hilohilo, Mercedes-Benz 300 GD ya mwaka 1988 waliyoipa jina la Otto. Leo limewekwa katika jumba la makumbusho la Mercedes-Benz mjini Stuttgart.

Anayesikia habari za mke na mume waliohamia ndani ya gari hufikiria yale magari ya Marekani yenye ukubwa wa basi: sebule, friji, choo, bafu la maji moto. Otto hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo vyote. Mbele palikuwa na viti viwili, nyuma godoro, na chini ya godoro masanduku ya vipuri na vyombo. Walipika kwa jiko la gesi. Injini ilikuwa dizeli ya silinda 5 yenye nguvu za farasi 88, haina turbo wala kompyuta, ya aina ambayo fundi wa kijijini akipewa spana na muda ataifungua na kuirudisha. Gari liliwahi kupinduka Madagascar, likanyooshwa, likaendelea. Ufundi wa safari ile ulikuwa katika kukataa vitu, na hilo huonekana wazi zaidi ukiipima nyumba kama Otto kwa njia ngumu ya kwetu: Mombasa hadi Mokowe, bara ya Lamu, takriban kilomita 350.

Tuanze na majira. Wazungu hupenda safari hizi za magari wakati wao wa majani kupukutika, Septemba hadi Novemba, na shida yao kubwa ni baridi: mabomba ya maji yasigande usiku, gesi ya kupashia joto isiishe. Huku pwani miezi hiyo kusi inaisha, kaskazi bado haijashika, na vuli inanyesha. Hita haina kazi hapa. Kinachotakiwa ni madirisha mawili yanayotazamana ili upepo upite, na chandarua kinachoziba kila tundu, kwa sababu ukilala karibu na mikoko ya Mokowe mbu hawangoji mwaliko.

Barabara yenyewe imebadilika sana. Kipande cha Garsen hadi Lamu kupitia Witu, kilomita 135, kilikuwa vumbi wakati wa jua na tope wakati wa mvua, hadi kilipotiwa lami kwa mradi wa shilingi bilioni 10.8. Siku hizi dereva anayetoka Malindi huvuka daraja la Sabaki, hukata tambarare hadi Minjila, hugeuka kulia, kisha Gamba, Lango la Simba, Nyongoro, Witu, Hindi, na mwisho Mokowe.   

Lami haikuushinda Mto Tana. Novemba 2023 mvua za El Niño ziliujaza mto, maji yakaifunika barabara upande wa Gamba, na magari ya Lamu yakakwama. Masika ya 2024 mambo yakajirudia, watu wakavushwa kwa boti mahali pa kupita basi. Hapo ndipo uzito wa nyumba unapokuwa hesabu. Lita moja ya maji ni kilo moja. Watu wawili wakitumia lita tano kila mmoja kwa siku, kwa kunywa na kupika, siku nne ni lita 40, yaani madumu mawili. Gari lenye bafu hubeba tangi la lita 300, na hizo ni kilo 300 kabla hujaweka hata sufuria. Likitoka pembeni ya lami na kuingia ule udongo mweusi unaonata wa delta ya Tana, huzama hadi ekseli. Gari dogo hupunguzwa upepo wa tairi mpaka karibu pauni 20, tairi ikatanuka, likajitoa lenyewe au likavutwa na trekta. Hilo kubwa litangoja kreni, na kreni haipatikani Nyongoro.

Kingine ni saa. Baada ya mashambulizi ya kigaidi katika mji wa Mpeketoni, Juni 2014, mabasi ya njia hii yalikwenda kwa miaka kadhaa yakisindikizwa na polisi, na Januari 2, 2020 basi lilishambuliwa Nyongoro na watu wakauawa. Kwa hiyo ule uhuru unaosifiwa sana wa nyumba ya magurudumu, kusimama popote giza likikukuta, kati ya Minjila na Hindi haufai kabisa. Mahali pa kulala ni Malindi. Mtu ajaze dizeli jioni, aulize hali ya njia kwa madereva wa mabasi, ambao huijua kuliko ramani yoyote, kisha aondoke saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Zimebaki kama kilomita 220, na hata akisimamishwa kwenye kila kizuizi atafika adhuhuri. Jua la huku huzama karibu saa kumi na mbili jioni, vuli iwe au masika, kwa hiyo ana akiba ya saa tano au sita za kubadilisha pancha.

Kisha barabara inakwisha. Kwenye jeti ya Mokowe magari hugeuza na mizigo hushuka: trei za mayai, magunia ya vitunguu, magodoro yaliyokunjwa kwa kamba. Wachukuzi huviteremsha ngazini hadi kwenye boti, abiria wakapewa jaketi za kuokolea, na boti likijaa huondoka. Kama nusu saa baadaye uko gatini Lamu, mji ulioingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001, wenye vichochoro ambamo punda wawili wenye mizigo wakikutana mmoja lazima asubiri. Nyumba ya magurudumu haina pa kupita humo, wala hakuna haja ya kuivusha.

Kwa hiyo swali la mwisho la kiufundi ni namna ya kuiacha nyumba bara kwa siku kadhaa. Gesi hufungwa kwenye mtungi wenyewe, si kwenye jiko tu. Chakula kibichi hutolewa chote. Waya wa hasi wa betri hufunguliwa, na vichwa vya betri hupakwa grisi, kwa kuwa hewa ya chumvi huanza kula shaba mapema. Breki ya mkono haivutwi, maana viatu vyake hushikana na ngoma kwa kutu. Gari hutiwa gia ya kwanza na kuwekewa jiwe mbele na nyuma ya tairi. Ujira wa mlinzi hupatanwa kabla ya kupanda boti. Siku ya kurudi wenye gari huvuka kwa boti la alfajiri, wakafunga waya wa betri na kupita Gamba kabla ya saa tano.