Mlio wa Finjani

Muuza kahawa wa mtaani kwetu Magomeni hapigi kelele. Jua likishuka hupita na dele yake juu ya jiko dogo la mkaa, na katika mkono wa pili ana finjani mbili tatu anazozigonganisha taratibu. Mlio ule unavuka kuta. Unampita asiyetaka kahawa bila kumsumbua, na unamwinua kwenye mkeka yule aliyekuwa akiitamani bila hata kujijua. Nimekua na mlio huo, lakini nilikuwa tayari mtu mzima, mhariri wa makala, nilipotambua kwa nini watu wanauamini. Unatoka kwenye finjani zilezile utakazonywea.

Kazi yangu ni kuandika vichwa vya makala. Watu wengi hawajui kuwa hiyo ni kazi. Hudhani mwandishi akishamaliza makala, kichwa hujileta chenyewe. Mimi nimeikalia kazi hii miaka mingi, kwanza gazetini na sasa mtandaoni, na bado zipo siku ambazo maneno manane hunila mchana mzima.

Aliyenifundisha alikuwa mzee mmoja wa Tanga, mhariri wangu wa kwanza. Wiki yangu ya kwanza kazini hakunipa kalamu. Alinituma kila asubuhi nikasimame karibu na meza ya magazeti pale kituo cha daladala, akaniambia: "Usitazame magazeti, mwanangu. Tazama macho." Nikatazama. Watu husimama pale kwa wingi kusoma kurasa za mbele bila kununua, begi begani, sikio moja likimsikiliza konda. Macho yao huteleza juu ya vichwa kama mtu anayetafuta uso wa nduguye katika umati. Mara yanasimama. Ule usimamaji wa macho, ambao haudumu hata sekunde mbili, ndio niliotumwa kujifunza. Niliporudi ofisini mzee aliuliza swali moja tu: "Yalisimama kwenye neno gani?" Hakuuliza kuhusu habari wala kichwa kizima.

Na lugha yetu imejaliwa mno katika ufundi huu. Tazama kile kiambishi kidogo cha -a- tunachokitunzia vichwa vya habari. Sokoni tunasema bei inapanda. Juu ya ukurasa tunaandika bei yapanda, na silabi moja iliyopungua inaleta haraka na uzito. Andika "Wagoma", herufi sita tu, na msomaji amekwishajua kuwa ni watu, ni wengi, na jambo lenyewe ni la sasa. Au chukua kitenzi cha kuzama. Yazama, ni meli. Chazama, ni kivuko. Lazama, ni jahazi. Hujataja chombo chochote, ngeli zimekutajia. Sijui zawadi kubwa kuliko hiyo kwa mtu anayelipwa ili maneno yawe machache.

Hata majina ya magazeti yetu yalitungwa na watu wenye sikio. Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923 na kuchapa mashairi ya Shaaban Robert, lilikuwa na jina ambalo ni kichwa cha habari tosha. Nipashe nalipenda zaidi, kwa sababu jina lile ni sauti ya msomaji mwenyewe. Yeye ndiye anayesema: nipashe. Gazeti limejiita kwa ombi la anayelisoma.

Nilipohamia mtandaoni nilielewa jina lile upya. Gazetini kichwa kiliishi na nduguze: picha, rangi, kichwa kidogo chini yake. Mtandaoni kinasafiri peke yake. Kinatokea WhatsApp katikati ya mchango wa msiba na salamu za asubuhi za shangazi. Kinatokea kwenye matokeo ya Google, ambako baada ya takriban herufi 60, pamoja na nafasi zake, hukatwa, na maneno yetu marefu hukatwa vibaya. Anayekiona ana bando la siku moja, kila anapobofya anatumia pesa, na ukurasa uliosheheni mapicha mazito unalimaliza kabla hajasoma mstari. Lakini tofauti kubwa haiko hapo. Mtu aliyeandika maneno Google saa nne usiku ndiye aliyeita kwanza. Kazi yako ni kuitika, na utaitikaje kama hujui ameita kwa neno gani?

Hilo nilifundishwa na mdudu. Tulikuwa na makala nzuri sana juu ya nondo mdogo anayeangamiza nyanya, yule ambaye wataalamu humwita Tuta absoluta. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwaka 2006 alionekana Hispania, na miaka michache baadaye alikuwa amefika kwenye mashamba yetu. Kiwavi wake huchimba ndani ya jani, kati ya ngozi ya juu na ya chini, kwa hiyo dawa unayopuliza inapita juu yake kama mvua juu ya bati. Mwandishi wetu alikuwa ameeleza yote hayo kwa subira: mitego ya harufu ya jike inayowanasa madume, kung'oa na kuteketeza masalia, kutorudia nyanya, bilinganya wala viazi mviringo kwenye shamba lilelile. Nami nikampa kichwa: "Utambuzi na Udhibiti wa Nondo Mchimbaji wa Majani ya Nyanya". Kilikuwa sahihi kila neno. Wasomaji wakawa wa kuhesabu kwa vidole.

Mkulima wa nyanya hamwiti hivyo. Anamwita kantangaze. Masikio yangu husikia humo "kanitangaze", yaani nenda ukanitangaze, na kila nikilitamka nashangaa uwezo wa watu waliolitunga. Shamba likishaliwa, habari zake huzagaa zenyewe. Jina lile lilikuwa midomoni mwa watu mashambani, likiandikwa usiku kwa vidole vyenye udongo, na makala yetu ilikuwa kimya kwa sababu haikuwa nalo hata mara moja. Nililiweka mwanzoni mwa kichwa, nikalirudia katika aya ya kwanza, nikafuta ile sentensi ya kilimo kuwa uti wa mgongo wa taifa, ambayo imefungua makala nyingi kupita kiasi na haijamsaidia mkulima hata mmoja. Wasomaji walianza kuja, na msimu wa kuatika ukirudi, hurudi nao. Tangu hapo nina daftari la majina. Nyanya ni tungule kwa mtu wa Unguja. Viazi mviringo kwake ni mbatata. Kila jina ni mlango, na kuna mtu nyuma yake.

Kisha nikakosea, na kosa lile bado linaniuma. Nilipoona neno linavyovuta watu nikaingiwa na tamaa. Nikabadili kichwa kikawa "Dawa Inayomaliza Kantangaze". Takwimu zilipanda kuliko nilivyowahi kuziona, na siku mbili nilitembea kifua mbele.

Siku ya tatu ilipigwa simu ya ofisini. Alikuwa mama mmoja wa Ilula, mkulima wa nyanya. Nikamwamkia, akaitikia vizuri. Akasema: "Mwanangu, nimesoma mpaka chini kabisa. Bando ni la kijana wangu, nimemuomba. Hiyo dawa ni ipi? Sijaiona." Hakuwa na hasira. Alidhani kosa ni lake, kwamba pengine ameruka mstari. Makala ilikuwa inasema kinyume kabisa, kwamba hakuna dawa moja inayommaliza mdudu huyu, na mimi nilijua hivyo nilipokuwa naandika. Nilimwambia: "Nisamehe, mama. Dawa hiyo haipo. Mimi ndiye niliyekosea kuandika." Kimya kilichofuata ningependa kila mtu anayeandika vichwa akisikie mara moja katika maisha yake. Finjani niliyoigonga haikuwa na kahawa.

Sikukata simu, naye hakukata. Nilimsomea ile sehemu ya mitego polepole, akaniomba nirudie. Mwishoni, kwa ukarimu ambao sikuustahili, akaanza yeye kunifundisha. "Na ule ugonjwa wa nyanya mnaouandika bakajani, sisi huku tunasema ukungu. Majani yanakuwa kama yamemwagiwa maji ya moto. Mtu akiona hivyo ndipo anapotafuta. Hawezi kutafuta bakajani, haijui."

Jioni nikaifungua ile makala yetu ya "Bakajani Chelewa na Udhibiti Wake", iliyokaa muda mrefu bila mgeni. Nje muuza kahawa alikuwa anapita. Nikafuta kichwa chote, nikaandika: "Nyanya zimeungua kama zimemwagiwa maji ya moto? Ni ukungu". Nikahesabu, herufi 57. Nikakitazama tena. Majani huungua kwa mengi, nami sijaliona shamba la mtu. Nikaongeza neno moja, "Huenda ni ukungu", ikawa 64, imezidi. Nikasoma kwa sauti, mara ya kwanza, mara ya pili, kisha nikaondoa "zimeungua", maana maji ya moto yalikuwa yameshalisema. "Nyanya kama zimemwagiwa maji ya moto? Huenda ni ukungu". Herufi 54.